Nyumba Nambari Kumi na Saba

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mwenyewe kabla watu wa Kitengela hawajalisema, maana hao hawajui kunyamaza. Marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba mdogo wangu alipozaliwa niligoma kula siku mbili mpaka na mimi nikalishwa kwa kijiko. Sasa nina miaka hamsini na mbili, nina duka la kushona mapazia na sare za shule, wanangu wameshakua, na bado nikimwona mtu anapigiwa makofi niliyoyataka mimi, nayahesabu moja moja. Basi anayenisoma asidhani nimekuja kujitetea.

Kiti cha mwenyekiti wa klabu yetu nilikingoja miaka sita. Ni klabu ya kujitolea, ya Kitengela na Kajiado pamoja, wanachama ishirini na sita. Tunapanda miti, tunajenga vyoo vya shule, tunawapeleka madaktari wa macho kule ambako hawafiki. Kila mwaka Julai inapokaribia, mwenyekiti anayetoka humvisha anayeingia mkufu wa klabu, kengele inapigwa, watu wanakula nyama choma hotelini Kajiado mjini na hotuba zinakuwa ndefu kupita kiasi. Zamu yangu ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini. Gauni nilijishonea tangu Januari, rangi ya damu ya mzee, mikono mirefu, shingo pana ili mkufu ukae vizuri.

Halafu korona ikaingia. Mwezi wa Aprili serikali ikafunga Nairobi na viunga vyake, Kitengela ikabaki ndani na Kajiado mjini ikabaki nje. Polisi wakaweka kizuizi kwenye barabara ya Namanga, na klabu yetu ikakatika vipande viwili. Mzee Parsaoti, mwenyekiti aliyekuwa anatoka, alikuwa Kajiado na mkufu, kengele na kila kitu. Mimi nilikuwa upande huu na gauni.

Waliposema nitaapishwa kwa simu bila mkufu, nilijibu kwamba hakuna neno. Lilikuwepo neno, tena kubwa. Aliyelitatua ni Asho.

Asho alikuwa na mwaka mmoja tu kwenye klabu. Ana miaka thelathini na mitatu, anauza viatu na mabegi pale karibu na soko, na kaka yake Burale husafirisha mbuzi kwa lori kuwaleta machinjioni. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita kizuizini, na mbuzi ni chakula. Ijumaa moja asubuhi Burale akasimama nje ya duka langu, akanikabidhi mfuko wa nailoni wenye mkufu na kengele. Mkufu niliokuwa nikiuota miaka sita ulinifikia ukinuka mbuzi. Niliuosha kwa sabuni mara mbili na harufu haikutoka.

Siku ya kuapishwa nilivaa gauni langu, nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikapiga kengele kwa nguvu zangu zote. Nyuso ishirini na tano zikanitazama bila kutingisha hata nyusi. Nikapiga tena. Ndipo Asho akasema kwa ile sauti yake ya upole: "Madam Chair, tunakuona ukipiga lakini hatusikii. Simu inadhani ni kelele, inaizima."

Watu walicheka, na mimi nikacheka kwa meno. Mzee Parsaoti, katika hotuba yake ya kuaga, alimshukuru Asho mara tatu. Mimi alinitaja mara moja. Nilihesabu, na hapo ndipo kijiba cha roho kiliponikaa.

Kila mkutano ulipokwisha nilimpigia simu Ndulu. Ndulu ni rafiki yangu wa miaka ishirini. Tulipanga nyumba zinazotazamana tulipofika Kitengela kutoka Ukambani, tukazaa mwaka mmoja, na nilipomzika mume wangu ni yeye aliyelala chini kando ya kitanda changu wiki nzima. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya binafsi, na katika klabu alikuwa katibu. Mwandiko wake mzuri, kicheko chake kizuri zaidi. Nilikuwa nikimpigia, namsengenya Asho mpaka sikio linapata moto, naye anacheka, nami napona. Jioni iliyofuata naanza tena.

Julai hiyo tukaanza kugawa chakula. Viwanda vilikuwa vimepunguza watu, mama wa kufua nguo walikuwa wanafukuzwa getini kwa kuogopewa ugonjwa, na njaa ilikuwa imeingia hata kwenye nyumba zenye vigae. Tukagawana mitaa. Kila mtaa una kiongozi wake, kila nyumba ina nambari yake, na kila wiki mbili nyumba inapata mfuko wenye unga, mafuta, ndengu, sukari na sabuni.

Sheria ya picha niliitunga mimi. Mwenye kupokea anasimama mbele ya bango la klabu, mfuko kifuani, barakoa usoni, na kiongozi wa mtaa kando yake. Nilisema waliotuchangia wanataka kuona. Ni kweli walitaka kuona, lakini pia mimi nilitaka kuonekana. Kwa mwezi mmoja nilikuwa na picha arobaini na mbili, na katika zote arobaini na mbili nipo na mkufu wangu.

Asho alipewa mtaa wa Noonkopir. Picha aliyotuma ilikuwa moja tu, ya mifuko ikiwa imepangwa dukani kwake kabla ya kutoka. Orodha yake ilikuwa na nambari, moja hadi kumi na saba, bila jina hata moja. Nilipomuuliza akasema yeye hutoka asubuhi saa za kutotoka nje zikiisha, anaweka mfuko mlangoni, anabisha, anaondoka. Kwao Wasomali, alisema, ukimpa mtu chakula huku watu wanatazama, umemnyang'anya kitu kikubwa kuliko chakula.

Wanachama walimpenda kwa hilo mpaka nikakereka. Kule kwenye kikundi cha WhatsApp akiandika salamu tu, mioyo myekundu inamiminika. Mimi nikiandika ripoti ya ukurasa mzima napata kidole gumba kimoja, tena cha Ndulu. Klabu moja ya Mombasa ikatualika mtandaoni tuwaeleze kazi yetu, na barua yao ikasema wangependa kumsikiliza dada Asho. Nilivaa mkufu, nikakaa dakika arobaini nikimwona mtu mwingine akielezea klabu ninayoiongoza. Mikono yangu ilikuwa inashona pazia la mteja. Pindo nililiweka juu na matundu ya fimbo chini, ikabidi nifumue lote.

Jioni ile nikamwambia Ndulu jambo ambalo ningependa kuliruka, lakini nikiliruka hadithi hii itakuwa ya uongo. Nilimwambia najua kwa nini Asho haandiki majina. Chakula cha klabu anawalisha Wasomali wenzake, nikasema, sisi wengine tunabaki kumpigia makofi. Sikuwa na ushahidi hata wa kujaza kisoda. Nilikuwa na wivu tu, na wivu ukikosa la kusema husema lolote.

Ndulu hakucheka. Akasema, "Sidhani ni hivyo, Nthambi." Akaaga.

Tangu siku hiyo akawa mgumu kupatikana. Simu inaita inakatika. Kwenye mikutano alizima kamera, akasema anaokoa bando. Nikaanza kujiuliza nimemkosea nini, na kwa kuwa jibu la kweli lingeniuma, nikatafuta jingine.

Nililipata mwisho wa Agosti. Nilikuwa nimeamka mapema kupeleka barakoa za mteja Noonkopir, na kufika karibu na kwa Ndulu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nikamwona Asho anatoka getini kwake. Ndulu alikuwa ameshika geti, anacheka kile kicheko chake, na mkono wake mwingine uko begani mwa Asho. Siku zile tulikuwa tukisalimiana kwa viwiko. Mimi mwenyewe sikuwa nimemgusa Ndulu tangu Machi. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha maziwa, mwanamke mzima, mwenyekiti wa klabu, nikichungulia.

Asho alibeba kikapu kitupu. Nilikiona, wala sikukifikiria. Nilikuwa nimeshikwa na ule mkono.

Njiani kurudi nikapanga kila kitu kichwani. Hawa wawili wananichimba. Katibu na kipenzi cha watu, mwaka ujao wanakitaka kiti. Na kilichonikata maini hakikuwa kiti. Ndulu alikuwa wangu. Miaka ishirini, halafu anamchekea mtu wa juzi saa ambazo mimi hata simu hapokei.

Basi nikaitisha mkutano wa Jumamosi, saa nane mchana, ajenda moja. Kila kiongozi wa mtaa asome majina ya nyumba zake, na asiyeweza kusoma akabidhi mtaa. Ndulu kama katibu ndiye aliyepaswa kutuma ajenda hiyo kwa wanachama. Aliituma bila neno.

Nikasoma majina yangu kwanza, kwa sauti. Wengine wakafuata. Ilipofika zamu ya Asho, akasema amezunguka wiki nzima akiomba ruhusa mlango kwa mlango, na nyumba kumi na sita zimekubali. Akaanza kusoma. Kulikuwa na Mbuvi fundi wa mawe, kulikuwa na Aketch aliyekuwa akipika shuleni, kulikuwa na mjane kutoka Kisii, na bibi wa Kimasai anayelea wajukuu watano. Wasomali walikuwa wawili. Uzushi wangu ulikufa pale pale mbele ya masikio yangu, na badala ya kuona haya nikautafutia mwingine.

"Hao ni kumi na sita," nikasema. "Kumi na saba ni nani?"

Asho akasema nyumba hiyo haikumpa ruhusa.

Nikamwambia sheria haina nyumba isiyo na ruhusa. Akasema anaelewa, lakini jina hatalitaja. Mzee Parsaoti akakohoa kutoka Kajiado, akasema taratibu, "Nthambi, hiyo wachana nayo." Kusikia hivyo nikapandwa na hasira zaidi. Hata yeye yuko upande wake. Nikasema mbele ya watu wote kwamba pengine nyumba nambari kumi na saba ni stoo ya mtu, na kwamba chakula cha wenye njaa hakiliwi na wenye maduka.

Asho aliinamisha uso, na alipouinua macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Basi chukueni Noonkopir," akasema. "Mpatie mtu mwingine. Lakini hilo jina mimi sitasema, Madam, hata mkinitoa kwa klabu."

Ningeweza kusimama hapo. Mtu alikuwa tayari kupoteza kila kitu, na mimi nilikuwa nimeshinda. Lakini nilitaka iandikwe.

"Katibu," nikasema, "andika kwamba amekataa."

Ndulu alikuwa kile kisanduku cheusi chenye jina. Sauti yake ikatoka humo: "Siandiki."

Kamera ikafunguka. Kwa wiki kadhaa sikuwa nimeuona uso wake kwa karibu, na siku ile ya getini nilitazama mkono tu. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetoka, na kola ya blauzi, ambayo nilimshonea mimi, ilikuwa imemwacha shingoni. Nyuma yake ukuta ulikuwa mtupu, mahali televisheni ilipokuwa pamebaki misumari na alama ya vumbi.

"Nambari kumi na saba ni mimi," akasema. "Shule haijatulipa tangu Machi. Mimi na watoto tunakula chakula ya klabu tangu Julai."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama katika sekunde ile nilihisi huruma. Neno la kwanza kunitoka halikuwa pole. Nilisema, "Mbona ulimwambia yeye na hukuniambia mimi?"

Watu ishirini na wanne walisikia. Ndulu alinitazama kwenye simu bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Ulikuwa unanipigia kila jioni, Nthambi," akasema. "Hakuna siku hata moja uliniuliza nimekula nini."

Kisanduku chake kikapotea. Nikabaki nikiona nafasi aliyokuwa nayo ikijazwa na uso wa mwanachama mwingine, maana simu hupanga watu upya mmoja akitoka. Sikumbuki nilifungaje mkutano. Kura haikupigwa, na Asho akabaki na Noonkopir yake.

Jumatatu asubuhi nikaenda dukani kwake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata nilitaka kutukanwa. Nikamwambia nimemsingizia, mara ya kwanza nyuma yake na mara ya pili mbele yake, na kwamba nitasema hivyo kwenye mkutano ujao. Akasema imeisha, Madam, akanivutia kiti, akanipa chai ya maziwa yenye iliki. Hata kusamehe alinishinda. Niliinywa chai yake yote, na ilikuwa tamu, na nikaichukia.

Kwa Ndulu nilikwenda Jumanne. Nilijaza kikapu kwa mikono yangu mwenyewe: unga pakiti nne, mchele, mafuta, kilo mbili za nyama, majani ya chai, mkate. Bango nililiacha nyumbani, na simu niliizima. Njia nzima nilikuwa nikijisikia vizuri. Nilimwona akinifungulia, nikamwona akilia kidogo, nikajiona nikimkumbatia, ugonjwa au hakuna ugonjwa.

Alinifungulia. Alinikaribisha ndani, akawasha jiko, akachemsha strungi, chai isiyo na maziwa, tukakaa. Nikamwomba msamaha, maneno mengi, yakigongana. Alisikiliza yote. Akaniambia mdogo wake Muema ametuma kitu kidogo kutoka Kimuka, na kwamba binti yake anasoma masomo ya darasa kwenye redio ya jirani. Akaniuliza habari za duka. Kidogo kidogo tukaanza kuongea kama zamani, na nikamweleza kuhusu pazia nililolishona juu chini. Akacheka. Kile kicheko changu, nikakisikia tena, nikadhani yamekwisha.

Nilipoinuka nikakisogeza kikapu karibu na miguu yake. Alikiangalia, akakirudisha kwangu.

"Hii rudi nayo," akasema.

"Ndulu, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndio maana." Alishika kamba za kikapu, akaniwekea mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu Machi. "Asho akiniletea, anaenda zake, sisi hatukuwa na historia. Wewe ukiniletea, kila ukinitazama utaona mtu umelisha. Hutasema, lakini utaona. Nakujua. Wewe kuja tu vile ulikuwa unakuja. Tukunywe chai, usengenye watu, nicheke. Chakula wachia Asho."

Nilitaka kubisha kwamba sitaona hivyo. Nilifungua mdomo, nikakumbuka zile picha arobaini na mbili, nikaufunga.

Nikarudi nacho. Kutoka Noonkopir hadi kwangu ni mwendo wa nusu saa, na kikapu kilikuwa kizito, na kila niliyekutana naye njiani alinishukuru kwa kazi nzuri tunayoifanya. Nyama ile niliipika, ikanishinda kula.

Tangu wiki hiyo picha za wapokeaji zilikoma. Mwaka wangu uliisha Juni, nikamvisha mtu mwingine mkufu. Ndulu alikuwa amerudi darasani Januari shule zilipofunguliwa, amenenepa, amenunua televisheni nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Jioni nampigia, na sasa swali la kwanza ninalomuuliza ni amekula nini. Ananijibu kwa utani kila mara, amekula kuku, amekula pilau, amekula ng'ombe mzima. Sijui kama siku akiwa hajala chochote ataniambia. Nadhani hataniambia.

Na wivu haukuniacha. Asho akiingia mkutanoni, Ndulu humsogezea kiti bila kusalimiana naye, wanakaa wawili wanasikiliza ajenda, hawaongei, hawana haja ya kuongea. Mimi nakaa upande wa pili na kumtazama rafiki yangu. Nimemwona akiolewa, nimemwona akizaa, nimemwona kwenye matanga yake na yangu. Njaa yake ilionwa na Asho.